Ufukara kwa Matumizi ya Nje Tu

Nchi ya Kadhalika haimo kwenye ramani yoyote, na wachora ramani wanaapa kwamba kosa si lao. Kila walipomtuma mtu kwenda kuipima, mtu huyo aliketishwa kwenye benchi la mapokezi akaambiwa asubiri kidogo, na wengine wanasubiri mpaka leo, ndevu zimewafika kifuani. Lakini nchi ipo. Ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na saba, na ina sifa moja ambayo majirani wanaionea wivu: haina maskini hata mmoja.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Umaskini ulifutwa siku ya Jumatano, saa nne kasorobo asubuhi, kwa Tangazo la Serikali namba sita. Ulikuwa umepangwa kufutwa saa tatu kamili, ila mgeni rasmi alichelewa, kwa hiyo wananchi wakabaki maskini dakika arobaini na tano zaidi, na serikali ikaomba radhi kwa usumbufu huo. Watu wakasimama uwanjani kimya dakika moja kuuaga umaskini. Kisha wakarudi makwao, wakakuta sufuria zilezile na njaa ileile, isipokuwa sasa njaa yenyewe haikuwa na jina kisheria. Aliyetamka hadharani kwamba yeye ni maskini alitozwa faini. Aliyeshindwa kulipa faini alifungwa kwa kosa la kukaidi.

Mambo yangeendelea hivyo kwa raha na amani, kama si vyuo vya Marekani.

Iligundulika kwamba huko Marekani kuna vyuo ambavyo, ukiwa na akili na huna kitu, vinakulipia kila jambo: ada, chakula, kitanda, hata koti la baridi. Habari hii iliwachoma viongozi wa Kadhalika kama pilipili jichoni. Kumbe walikuwa wamefuta mali! Wameitupa kwa mikono yao wenyewe, tena kwa shangwe na gwaride! Bunge likaitwa kwa dharura. Mheshimiwa Tandawili, Waziri wa Neema, mwenye kitambi kilichotangulia kuingia ukumbini, akasimama.

"Mheshimiwa Spika," akasema, "jirani zetu wamejaliwa dhahabu. Wengine wana gesi, wengine wana kahawa. Sisi Mwenyezi Mungu ametujalia ufukara, na ufukara wetu, Mheshimiwa Spika, ni wa daraja la kwanza, wataalamu wameupima. Je, tuuache utumiwe ovyo na watu wa kawaida huko mitaani?"

"Hapanaaa!" likanguruma Bunge.

Basi ikaundwa Mamlaka ya Ufukara wa Nje, yenye ghorofa tisa na magari arobaini. Ndani ya nchi umaskini ulibaki marufuku kama kawaida. Ila mwananchi mwenye mtoto wa kupeleka Marekani aliweza kuomba cheti cha ufukara, nacho kiligongwa muhuri mwekundu ulioandikwa: KWA MATUMIZI YA NJE TU.

* * *

Sikudhani Mkwabi alikuwa na miaka kumi na tisa, na mwaka huo aliongoza nchi nzima kwa hisabati. Wizara ililichukulia jambo hilo kama uchokozi, maana nafasi ya kwanza ilikuwa imekwisha kupangiwa mtu. Mama yake, Bi Tatu, aliuza uji wa ulezi nje ya lango la hospitali ya wilaya; aliwauzia wagonjwa waliokuwa wakimsubiri daktari, na daktari aliyekuwa akiusubiri mshahara. Baba alikwisha kufariki. Walikuwa wawili tu, katika nyumba ya udongo yenye chumba kimoja na nusu, Mtaa wa Mafanikio, pembeni ya jaa la taka.

Mwezi Machi Sikudhani akapata barua kutoka chuo kimoja cha Marekani, chuo kidogo cha mahali penye theluji. Barua ilisema hivi: umekubaliwa, hesabu zako zimetushangaza, chuo kitakulipia gharama zote, mradi ifikapo tarehe thelathini Aprili serikali yako ituthibitishie kwamba familia yako haina uwezo. Tafadhali kumbuka kwamba kwa nchi ya Kadhalika tuna nafasi moja tu ya msaada.

"Kumbe ni rahisi hivyo?" Bi Tatu akasema, akiigeuzageuza barua. "Kuthibitisha hatuna! Si waje waangalie?"

Sikudhani akaenda Mamlaka. Kwenye dirisha namba nne alikaa Bwana Kishindo, Afisa Mthibitishaji Mkuu, mtu mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kukatalia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Shida?"

"Nimekuja kuomba cheti cha ufukara."

Bwana Kishindo akatazama kushoto na kulia kama mtu aliyesikia tusi msikitini. "Taratibu, binti! Neno hilo halitamkwi ndani ya jengo la serikali. Sema 'ile bidhaa'."

"Nimekuja kuomba ile bidhaa."

"Haya, sasa tunaelewana. Lete hati ya gari."

"Hatuna gari, mzee."

"Basi lete hati ya kutokuwa na gari. Inatolewa Idara ya Magari, unakwenda na gari lako. Na taarifa ya benki ya miezi sita."

"Mama hana akaunti."

"Afungue. Kisha akae miezi sita asiweke kitu, ndipo tuamini."

"Lakini si ndiyo ushahidi kwamba hana?"

"Binti," Bwana Kishindo akasema kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kuvaa viatu, "tutajuaje kama hana kitu, ikiwa hana hata mahali pa kutokuwa nacho?"

Akaitaja na ada ya maombi. Sikudhani akapiga hesabu kichwani: ilikuwa uji wa miezi mitatu, bila kununua ulezi wala sukari.

"Mzee, ningekuwa nayo hiyo nisingefika kwenye dirisha hili."

"Ndiyo maana wanaofaulu hapa wengi ni waheshimiwa. Unadhani ufukara ni wa kila mtu? Una gharama zake. Mwingine!"

Hakuwapo mwingine. Sikudhani akaketi kwenye benchi. Kesho yake akaketi tena. Akaketi siku kumi na moja, akimaliza daftari zima la milinganyo ili akili isipate kutu, huku Bwana Kishindo akimpita kwenda chai na kurudi kutoka chai.

Siku ya kumi na mbili yeye mwenyewe akamwita, meno yote nje.

"Mwanangu Sikudhani! Hivi ninyi mnaishi Mtaa wa Mafanikio, karibu na jaa?"

"Ndiyo, mzee."

"Nyumba ya udongo?"

"Ya udongo."

"Paa linavuja?"

"Linavuja."

"Kote, au mahali fulani?"

"Zaidi juu ya kitanda. Upande wa kushoto."

Bwana Kishindo akafumba macho kama mtu aliyesikia harufu ya pilau nyumba ya pili. "Upande wa kushoto," akarudia. "Safi. Safi sana. Sikiliza, nikuambie siri ya serikali. Kijana wa Mheshimiwa Tandawili naye ameomba chuo hichohicho. Sheria inasema kamati ni lazima imkute mwombaji katika makazi ya kifukara. Sasa Mheshimiwa ana nyumba saba, na zote, kwa bahati mbaya, ni nzuri. Atawaazima yenu Alhamisi, saa nne hadi saa sita. Saa nane kamati itarudi palepale kukukagua wewe. Ada nakusamehe, hati ya gari nakusamehe, benki nakusamehe."

"Lakini mzee, nafasi ya msaada ni moja."

"Nafasi ni moja, ila haki ni mbili!" akasema Bwana Kishindo, na akaonekana kuipenda sana sentensi hiyo, akaiandika pembeni.

Sikudhani alizijua hesabu. Upande mmoja palikuwa na sifuri ya uhakika. Upande wa pili palikuwa na kitu kidogo chenye mashaka. Kitu kidogo ni kikubwa kuliko sifuri. Akakubali.

* * *

Alhamisi saa nne magari sita yakapinda kwenye Mtaa wa Mafanikio, moja likazama kwenye mtaro, na Mheshimiwa Tandawili akashuka amevaa matambara. Yalikuwa matambara ya heshima. Yalishonwa kwa oda, kila kiraka kimepigwa pasi, na kwenye tundu la goti palikuwa na nembo ya fundi. Nyuma yake akaja mwanawe Jeideni, masikio yamezibwa na vidude vya muziki, anaruka madimbwi kwa ncha za vidole.

"Dingi, hapa ni wapi?"

"Ni nyumbani, mwanangu. Mpaka saa sita."

Mheshimiwa akaingia, akaikagua nyumba kama mnunuzi wa ng'ombe. Akabonyeza ukuta, ukamwachia udongo kidoleni. Akatazama juu, akaliona tundu la paa, akalipigia saluti. Bi Tatu alikuwa kapiga magoti jikoni, moshi wa kuni umemkaba, anakohoa.

"Nani huyo anayekohoa?"

"Ni mama, mheshimiwa," Sikudhani akasema. "Tunatoka sasa hivi."

"Ah, asitoke! Mke wangu hakuweza kuja, yuko ughaibuni kwa matibabu ya kucha. Kamati itauliza mama wa mtoto yuko wapi. Huyu akae nyuma ya pazia akohoe. Akohoe kwa adabu lakini. Isije ikawa kelele."

Basi Bi Tatu akaketi nyuma ya pazia la nyumba yake, na Sikudhani kando yake, akimshika mkono. Kamati ikaingia: Bwana Kishindo na wajumbe wawili, mmoja wao karani wake, wote waajiriwa wa Mheshimiwa. Wakamkuta bosi wao kwenye mkeka, mashavu yanang'aa kwa lishe, wakaanza kulia papo hapo. Mjumbe mmoja alilia hadi akaomba posho ya leso.

"Kijana," Bwana Kishindo akamuuliza Jeideni, "unakula mara ngapi kwa siku?"

"Inategemea na hoteli."

Baba yake akamfinya.

"Andika," Bwana Kishindo akamwambia karani wake. "Mtoto anaweweseka kwa njaa. Na mama?"

Mheshimiwa akagonga mkeka mara mbili. Nyuma ya pazia Bi Tatu akakohoa. Hakulazimika kuigiza.

"Kikohozi cha muda mrefu," karani akaandika. "Cha kweli kabisa."

Saa sita kamili wakainuka. Sikudhani alikwisha kuchomoka kwa mlango wa nyuma, maana Bwana Kishindo alikumbuka ghafla kwamba msamaha wa ada nao unahitaji muhuri, na muhuri uko makao makuu, na makao makuu yanafungwa saa saba. Akakimbia. Kwa hiyo hakusikia Mheshimiwa alipofika mlangoni, akajifuta viatu kabla ya kutoka, akawageukia wenzake na kusema, "Jamani, kumbe kweli mtu mzima anaweza kulala humu! Hata mbwa wangu angenishitaki." Wala hakusikia kile kicheko.

Bi Tatu alikisikia. Alikuwa bado nyuma ya pazia.

* * *

Sikudhani alirudi saa nane kasoro dakika kumi, muhuri mkononi, jasho mgongoni. Akasimama mlangoni akadhani amekosea nyumba.

Pale palipokuwa na mkeka palikuwa na kochi jekundu la watu watatu. Kwenye ukuta wa udongo iliegemezwa friji, na pembeni ya friji, friji nyingine. Runinga kubwa ilikaa juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, haikuwashwa kwa kuwa nyumba haikuwa na umeme. Zulia. Maua ya plastiki. Sahani za udongo zenye ukingo wa dhahabu, za jirani mmoja aliyeolewa mwaka jana. Na harufu! Kuku wawili, pilau, kachumbari, na biringanya za nazi.

"Mama! Nini hiki?"

Bi Tatu alikuwa amevaa gauni la Iddi la jirani, linambana mabegani. "Wageni wanakuja."

"Wageni gani? Ni kamati! Wanakuja kuona kwamba hatuna!"

"Wameshaona asubuhi. Wameona, wamecheka." Akapangusa sahani ambayo haikuwa na vumbi. "Sikudhani, mwanangu, sijapata kumpokea mgeni kwenye mkeka mtupu tangu niolewe. Tunaazimana mtaa mzima, leo kwangu, kesho kwako. Ndivyo watu wanavyoishi. Hawawezi kuja nyumbani kwangu mara mbili kwa siku moja na kutoka mara zote mbili wananicheka."

"Mama, turudishe hivi vitu. Dakika kumi zipo. Shika huku..."

"Hodi hapa!" ikasema sauti ya Bwana Kishindo.

"Karibuuuni!" Bi Tatu akaimba, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kamati ikaketi kwenye kochi. Bi Tatu akawanawisha mikono kwa birika la shaba la mtu. Wakala. Walikula kama watu walioshinda asubuhi yote wakilia, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Sikudhani akavumilia mpaka kwenye paja la pili.

"Mzee," akasema, "hivi vitu si vyetu. Vimeazimwa. Asubuhi si mlikuwa humuhumu? Mliona wenyewe!"

Bwana Kishindo akamgeukia Bi Tatu, mfupa mdomoni. "Mama, binti anasema mmeazima. Ni kweli?"

Nje, jirani mwenye kochi alikuwa anachungulia dirishani kuona kama wanalikalia vizuri.

"Mama, waambie," Sikudhani akanong'ona. "Tafadhali."

Bi Tatu akamtazama binti yake, akamtazama mgeni. Mgeni alikuwa na chakula mkononi.

"Ni vyetu," akasema. "Kuleni, wageni wangu. Mnaonea haya nini?"

"Mama!"

"Niwaambie nini, Sikudhani, na watu wanakula?"

Bwana Kishindo akafuta vidole, akavaa miwani ya kukatalia. "Andika. Friji mbili. Kuku wawili kwa mlo mmoja. Binti ana tabia ya kujidhalilisha mbele za watu." Kisha akasimama, akapiga mbavu kwa shibe, akatazama kuta kwa fahari ya kizalendo. "Wajumbe, mmeona wenyewe. Saa nne nyumba hii ilikuwa na fukara asiyetazamika. Saa nane ina tajiri. Kwa muda wa saa nne tu! Nani tena atasema nchi hii haiendelei?"

Wajumbe wakapiga makofi yenye mafuta.

* * *

Siku tatu Sikudhani hakumsemesha mama yake. Siku ya nne Bi Tatu akamwekea uji pembeni ya daftari, akasema, akiwa ametazama ukuta, "Nilikosa. Ningeweza kukosa tena. Mdomo ulikataa." Sikudhani akanywa uji. Uliingia na machozi, ukawa na chumvi kidogo.

Mamlaka ilikuwa na kasi ya ajabu inapotaka kuharibu jambo. Jeideni akapewa cheti cha ufukara, daraja la kwanza, muhuri mwekundu. Sikudhani akapewa asichokiomba: Cheti cha Neema, muhuri wa kijani, na nakala ikapelekwa moja kwa moja Marekani. Chuo kikamjibu kwa furaha kwamba kimearifiwa kuhusu uwezo mzuri wa familia yake, hivyo alipe ada yote kabla ya Juni, vinginevyo nafasi yake itafutwa. Juni ikafika. Nafasi ikafutwa.

Jeideni alisindikizwa uwanja wa ndege na bendi ya polisi. "Leo tunamsafirisha fukara wetu wa daraja la kwanza," Mheshimiwa Tandawili akahutubia, akibubujikwa na machozi. "Nenda, mwanangu, ukalitangaze taifa!" Fukara alipanda daraja la kwanza, na mabegi yake yakapanda ndege iliyofuata.

Sikudhani akaanza kumsaidia mama yake langoni. Yeye ndiye aliyekuwa anahesabu chenji, na haikuwa kazi iliyomhitaji mtu aliyeongoza nchi nzima.

Oktoba ikaja bahasha nene. Ilitoka kwa Bi Pitasoni, Mkurugenzi wa Ukarimu wa chuo kilekile.

"Mpendwa Sikudhani," barua ilisema. "Kwa kuwa kumbukumbu zetu zinaonyesha familia yako imejaliwa, tunakuomba uchangie mfuko wa kuwasaidia wanafunzi mafukara. Mfikirie Jeideni, kijana wa nchini mwako. Amekulia katika nyumba ya udongo yenye chumba kimoja na nusu. Mvua ikinyesha, paa huvuja juu ya kitanda, upande wa kushoto. Usiku husikia kikohozi cha mama yake nyuma ya pazia, naye hujiapiza kusoma kwa bidii. Insha yake ilitutoa machozi sote. Je, huwezi kumpa chochote?"

Sikudhani akaisoma mara moja akiwa amesimama, mara ya pili amekaa chini. Kisha akacheka, kicheko kibaya, mpaka wagonjwa kwenye foleni wakamhurumia.

Ndani ya bahasha mlikuwa na fomu ya mchangiaji. Akachukua kalamu na kuijaza kwa hasira, herufi nzurinzuri.

*Unachochangia:* Nyumba moja ya udongo, chumba kimoja na nusu. Paa moja, linavuja upande wa kushoto. Pazia moja. Kikohozi kimoja cha mama.

*Amekabidhiwa nani:* Jeideni Tandawili, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, mbele ya mashahidi watatu wa serikali. Anavitumia hadi sasa, kama barua yenu inavyothibitisha.

*Mchango huu ni sehemu gani ya mali yako? Robo, nusu, au yote?*

Hapo kalamu ikasita. Akaandika: *Yote.*

Akaituma ili awatukane. Hakutegemea jibu. Lakini alikuwa hajui watu wa michango wa Marekani. Hao ukiwapa tusi wanaliandikia risiti. Baada ya wiki tatu ikaja karatasi nzito yenye nembo ya chuo iliyobonyezwa kwa chapa.

"Tunakiri kwa shukrani kupokea: nyumba moja, paa moja, pazia moja, kikohozi kimoja. Mchangiaji ametamka kwamba mchango huu ni mali yake yote, nasi tumeridhika na tamko hilo. Ukarimu wa namna hii hatujauona tangu chuo kianzishwe." Chini yake sahihi mbili, muhuri, na namba ya risiti.

Sikudhani akakaa na karatasi ile mchana kutwa. Mama yake alimwita mara tatu aje apokee chenji, hakusikia. Alikuwa na sura aliyokuwa nayo zamani, swali gumu linapoanza kulegea.

* * *

Desemba Jeideni akarudi. Kumbe msaada wa chuo ulikuja na sharti ambalo hakuna aliyelisoma: mwenye kusaidiwa afanye kazi saa kumi kwa wiki katika bwalo la chakula. "Dingi," aliandika, "wananiambia nioshe sahani ya mtu nisiyemjua." Mheshimiwa alipandwa na presha. Redio ya taifa ikatangaza kwamba kijana amemaliza masomo ya miaka minne kwa miezi minne, na ameteuliwa kuwa Naibu Mkurugenzi wa Mamlaka ya Ufukara wa Nje kutokana na uzoefu wake.

Sikudhani aliisikia redio hiyo dirishani kwa muuza duka, saa saba mchana. Saa nane alikuwa posta.

Nje ya posta akakutana na Bwana Kishindo, anatoka kununua stempu za serikali kwa matumizi ya nyumbani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiyo bahasha ya Marekani ni ya nini? Bila muhuri wetu mwekundu, binti, huendi popote. Njoo ofisini Jumatatu, lete hati ya gari."

"Mzee, mnisamehe," Sikudhani akasema kwa heshima zote. "Mimi ni tajiri, mmenithibitisha wenyewe. Bidhaa yenu nitaipeleka wapi?"

Akaingia ndani. Katika bahasha aliweka ombi jipya la nafasi iliyoachwa wazi, ukurasa mmoja tu. Aliandika kwamba, kama chuo kinavyojua kutokana na Cheti cha Neema, familia yake iliwahi kuwa tajiri. Utajiri huo wote imekipa chuo. Ushahidi ni risiti ya chuo chenyewe, imeambatanishwa. Chini akaongeza mstari mmoja: kazi ya kuosha vyombo anaiweza.

Jibu likaja wiki ya pili ya Januari. Mtu wa posta alimletea langoni palepale, asubuhi, foleni ya wagonjwa imefika barabarani na Bi Tatu ana upawa mkononi.

"Soma kwa sauti," Bi Tatu akasema. "Mimi leo moyo hauna nguvu."

Sikudhani akafungua. Akaiegemeza karatasi kwenye ukingo wa sufuria.

"'Kwa kawaida,'" akasoma, "'tunadai uthibitisho wa serikali ya mwombaji. Hata hivyo Kamati yetu imeona kwamba chuo hakiwezi kuitilia shaka risiti yake chenyewe. Kwa mujibu wa kumbukumbu zetu, familia yako haina kitu chochote. Gharama zako zote zitalipwa. Tiketi imeambatanishwa. Masomo yanaanza Februari.'"

"Rudia hapo katikati."

"'Familia yako haina kitu chochote.'"

"Wameandika hivyo? Wazungu? Kwa maandishi?"

"Kwa maandishi, mama. Na muhuri."

Bi Tatu akashusha upawa. Mdomo ule uliomkatalia siku ya kuku wawili ukacheza, ukacheza, kisha ukafunguka.

"Hatuna kitu!" akaiambia foleni. "Jamani, mwanangu anakwenda kusoma! Hatuna kitu!" Akapiga kigelegele kirefu kilichoamsha wodi ya wanaume, na wanawake wa foleni wakakipokea, hata yule mwenye mguu wa plasta.

"Hongera, Bi Tatu!" wakapiga kelele. "Hongera sana!"

"Ahsanteni, ahsanteni," Bi Tatu akasema, akifuta macho kwa ncha ya kanga, na tayari ameshauchukua tena upawa. "Sogeeni, basi. Leteni vikombe. Leo hakuna kulipa, kunyweni wote, na wewe mwenye plasta chukua na andazi. Wee Sikudhani, kimbia kwa jirani ukaazime viti!"

"Mama, usithubutu!" Sikudhani akasema, akamshika mkono wenye upawa. Akaikunja barua mara nne, akaisokomeza kifuani, akaitazama barabara juu na chini, asije akawa anapita mjumbe yeyote wa kamati.